Léon Dehon, Mwanasheria Aliyetafuta Kazi Yake

1. Misheni kando ya mto

Msafiri apandaye mto Kongo kwa meli kutoka Kinshasa huenda kilometa 1,700 hivi kabla ya kufika Kisangani. Hapo safari ya meli hukoma, kwa maana mbele yake maji huanguka juu ya mawe kwa kishindo kikubwa, na hakuna meli iwezayo kupita. Wagenia ndio wanaoyajua maji hayo. Husimamisha miti mirefu kati ya mawe, hufunga mitego mikubwa ndani ya maji, na nguvu ya mto yenyewe huwasukuma samaki ndani ya mitego. Ukingoni mwa mto, kabla ya maporomoko, msafiri huona kanisa kuu la Bikira Maria wa Rozari.

Watoto wa Kisangani hulijua kanisa hilo. Hujua pia misheni ya Mtakatifu Gabrieli, iliyoanzishwa mwaka 1897. Lakini wachache hujua habari za mtu aliyewatuma mapadri walioianzisha. Jina lake ni Léon Dehon. Yeye mwenyewe hakufika Kongo hata siku moja. Tena hakuanza maisha yake kwa kazi ya padri. Katika ujana wake alisoma sheria mpaka akafika daraja ya juu kabisa, na baba yake alikwisha mtazamia cheo kikubwa katika nchi.

Habari zake ni habari za kijana aliyetafuta kwa miaka mingi kazi iliyomfaa. Aliipata kwa shida na kwa machozi. Baadaye akaona ya kuwa elimu ile aliyoiacha nyuma yake haikuwa imepotea.

2. Mtoto wa La Capelle

Léon Dehon alizaliwa tarehe 14 Machi 1843 katika mji mdogo wa La Capelle, kaskazini mwa Ufaransa. Ni nchi ya majani mabichi, ng'ombe na farasi. Baba yake, Jules Dehon, alikuwa mtu mwenye mashamba na mali. Watu walimheshimu kwa sababu alikuwa mwema na mwenye haki, lakini mambo ya sala alikuwa ameyaacha tangu ujana wake. Mama yake, Stéphanie Vandelet, alikuwa mtu wa sala. Yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe kuupenda Moyo Mtakatifu wa Yesu.

Wazazi hao walikuwa na wana wawili, Henri aliye mkubwa, na Léon. Mwaka 1855, Léon alipokuwa na umri wa miaka 12, alipelekwa pamoja na kaka yake katika shule ya Hazebrouck, mbali na nyumbani. Wanafunzi walilala shuleni. Kanuni zilikuwa kali, na kazi ilikuwa nyingi. Léon alikuwa mwepesi wa kufahamu, akapenda vitabu.

Katika shule hiyo, usiku wa Noeli wa mwaka 1856, Léon alikuwa kanisani katika Misa ya usiku. Hapo alisikia moyoni mwake wito wa kuwa padri. Alikuwa na miaka 13 tu. Watoto wengi wa umri huo hutamani kazi fulani leo, na kesho hutamani nyingine. Lakini wito ule haukumtoka Léon. Aliuweka moyoni kama mtu awekaye mbegu mahali pakavu, akingojea mvua.

3. Baba akataa

Mwaka 1859 Léon alimaliza masomo ya Hazebrouck. Alipomfunulia baba yake ya kuwa anataka kuwa padri, baba alikataa kabisa.

Bwana Dehon hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mwanawe, na kwa sababu alimpenda alimtakia makubwa. Aliona ya kuwa Léon ana akili nyingi, naye alitaka akili hizo zimpatie jina na cheo. Kwanza alitaka awe mhandisi, mtu wa hesabu na mitambo. Kisha akakubali asome sheria, ili siku moja awe hakimu au mtu mkubwa wa serikali. Upadri aliuona kuwa ni kuitupa mali shimoni.

Basi Léon afanye nini? Angeweza kukasirika na kukataa masomo. Angeweza pia kumdanganya baba yake, aseme ndiyo kwa mdomo na kukaa bure mjini Paris. Hakufanya hivyo. Alijua ya kuwa kwa sheria za Ufaransa za wakati ule mtu aliyekuwa chini ya miaka 21 alikuwa bado katika mamlaka ya baba yake. Tena alimheshimu baba yake. Aliazimu kutii, kusoma kwa bidii, na kungoja. Lakini wito wake hakuukana.

4. Kijana wa sheria

Paris ni mji mkuu wa Ufaransa. Hapo ndipo Léon alipoanza kujifunza kazi ya sheria.

Kazi hiyo ni ya namna gani? Kila nchi ina sheria zake. Watu wawili wakigombania shamba, au mtu akishtakiwa ya kuwa ameiba, hakimu huwasikiliza na kukata shauri kama sheria zisemavyo. Lakini sheria ni nyingi, na watu wengi hawazijui. Kwa hiyo wako mawakili. Wakili huzijua sheria, naye husimama mbele ya hakimu na kusema kwa ajili ya mtu mwingine. Asipokuwapo mtu wa kumsemea, maskini anaweza kupotewa na haki yake hata kama hana kosa. Kazi hii ni ya heshima, na nchi isiyo na watu wa sheria walio waaminifu ina taabu nyingi.

Léon hakuidharau kazi hiyo. Alisoma sheria za Ufaransa na sheria za kale za Warumi. Alifaulu mtihani baada ya mtihani. Tarehe 2 Aprili 1864 alipewa cheo cha daktari wa sheria. Daktari wa namna hii hatibu wagonjwa. Ni mtu aliyefika daraja ya juu kabisa katika elimu yake. Siku hiyo zilikuwa zimepita siku 19 tu tangu alipotimiza miaka 21.

Njia ilikuwa wazi mbele yake. Alikuwa kijana, alikuwa na elimu, baba yake alikuwa na mali ya kumsaidia. Wenzake wengi wangalifurahi sana kuwa mahali pake. Lakini moyo wa Léon haukutulia.

Katika miaka ile ya masomo alikuwa ameyapima maisha yake kimyakimya. Kila siku asubuhi alikwenda kusali katika kanisa la Saint-Sulpice. Pamoja na vijana wengine wa chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo alikwenda kuwatazama maskini katika nyumba zao, akiwapelekea msaada. Aliporudi kwenye vitabu vya sheria alifanya kazi yake vizuri. Lakini furaha yake ilibaki kule alikotoka, kanisani na katika vyumba vya maskini. Hivyo alijua. Mtu anaweza kuwa hodari katika kazi fulani, na kazi hiyo isiwe yake. Uhodari peke yake hautoshi kumwonyesha mtu mahali pake. Sharti atazame pia mahali ambapo moyo wake hupata amani na watu hupata faida.

5. Safari ndefu

Sasa Léon alikuwa mtu mzima mbele ya sheria. Alimwambia tena baba yake ya kuwa nia yake haijabadilika. Baba alihuzunika na kukasirika.

Léon alikuwa na rafiki aliyeitwa Léon Palustre, kijana aliyependa sana majengo ya kale. Marafiki hao wawili walikuwa wamekwisha safiri pamoja katika nchi kadha za Ulaya. Sasa walitaka kwenda mbali zaidi, mpaka nchi za Mashariki. Bwana Dehon akakubali kutoa fedha za safari. Alitumaini ya kuwa mwanawe akiona dunia na uzuri wake atausahau upadri.

Waliondoka mwezi wa Agosti 1864, wakasafiri miezi kumi. Walipita Italia na Ugiriki. Walifika Misri, wakapanda mto Nile na kuyaona makaburi makubwa ya wafalme wa kale. Kutoka huko waliingia Nchi Takatifu. Léon alitembea Bethlehemu na Yerusalemu, mahali alipozaliwa Bwana Yesu na mahali alipokufa. Walipita pia Siria na mji wa Constantinople, ambao leo huitwa Istanbul.

Lakini safari ile haikumfanyia Léon kama baba yake alivyotumaini. Kila alipopita katika Nchi Takatifu nia yake ilizidi kupata nguvu. Katika mwezi wa Juni 1865, kabla ya kurudi nyumbani, alikwenda Roma, akapokewa na Baba Mtakatifu Pio wa Tisa. Léon alimweleza habari zake zote. Baba Mtakatifu alimsikiliza kwa upole, akamshauri aingie seminari ya Wafaransa iliyoko hapo Roma.

Ikabaki shida moja iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kurudi La Capelle na kuwaaga wazazi. Nyumba nzima ilijaa huzuni. Baba aliona kwamba miaka yote ya masomo na fedha zote zimepotea bure. Léon aliona uchungu wa baba yake, naye alilia. Hakuna mtoto mwema awezaye kumwona baba yake akilia bila kuumia. Hata hivyo hakurudi nyuma. Tarehe 25 Oktoba 1865 aliingia seminari ya Roma. Huko alipata ile amani aliyoitafuta tangu usiku wa Noeli wa Hazebrouck. Miaka tisa ilikuwa imepita.

6. Baba apiga magoti

Léon alisoma Roma kwa bidii ileile aliyoionyesha Paris. Tarehe 19 Desemba 1868 alipewa upadri katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane wa Laterani.

Siku hiyo wazazi wake walikuwapo. Bwana Dehon alikuwa amesafiri mpaka Roma. Katika miaka mitatu ile moyo wake ulikuwa umelainika polepole. Aliona ya kuwa mwanawe hakumwacha kwa kiburi, wala hakuacha kumpenda na kumwandikia. Aliona pia ya kuwa kijana wake amekuwa na furaha ya kweli. Yule baba aliyeacha sala tangu ujana wake alirudi kwenye Sakramenti, akapokea Komunyo katika Misa ya kwanza ya mwanawe. Waswahili husema, subira huvuta heri.

Mwaka uliofuata, katika mwezi wa Desemba 1869, maaskofu wa dunia nzima walikusanyika Roma katika Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano. Padri Dehon alichaguliwa kuwa mmoja wa vijana waliojua mwandiko wa haraka, ambao waliandika maneno yote yaliyosemwa na maaskofu. Alikaa kimya, akasikiliza, akaandika. Huko alijifunza namna Kanisa lilivyo kubwa, na namna mataifa yalivyo mbalimbali.

7. Mji wa viwanda

Padri Dehon aliporudi Ufaransa alikuwa na vyeo vya udaktari katika elimu ya falsafa, ya teolojia na ya sheria za Kanisa, juu ya kile cha Paris. Watu walidhani ya kuwa atapewa kazi ya kufundisha wakubwa. Lakini mwaka 1871 askofu wake alimtuma katika mji wa Saint-Quentin, awe padri msaidizi wa parokia. Alikuwa wa saba katika hesabu ya wasaidizi, yaani mdogo wa wote.

Saint-Quentin ulikuwa mji wa viwanda vya nyuzi na nguo. Mashine zilifanya kelele mchana kutwa. Wanaume, wanawake na watoto walifanya kazi saa nyingi kwa mshahara mdogo. Nyumba zao zilikuwa finyu. Jumapili nayo wengi walifanya kazi. Vijana waliotoka mashambani kutafuta kazi hawakuwa na mtu wa kuwaangalia, na jioni walipotea katika ulevi.

Padri Dehon hakungoja watu wamjie kanisani. Alikwenda kuwatafuta. Mwaka 1872 alianza kuwakusanya vijana wa viwandani katika nyumba aliyoiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yosefu. Huko walicheza, walisali, walisoma. Mwaka 1874 alisaidia kuanzisha gazeti. Mwaka 1877 alifungua shule iliyoitwa Mtakatifu Yohane.

Lakini aliona pia ya kuwa mkate mmoja na neno moja la faraja havitoshi. Mtu akimwinua mwenzake aliyeanguka shimoni, ni vizuri. Lakini kama shimo libaki wazi njiani, kesho wengine wataanguka. Sharti shimo lizibwe. Je, shimo la Saint-Quentin lilikuwa nini? Lilikuwa mishahara isiyotosha, saa za kazi zisizo na mwisho, na wafanyakazi wasio na mtu wa kuwasemea. Na mambo hayo ni mambo ya sheria.

Hapo ndipo elimu ya Paris ilipoamka. Padri Dehon alizijua sheria za nchi kuliko mapadri wengi. Aliweza kuwaeleza wenye viwanda wajibu wao, na wafanyakazi haki yao. Mwaka 1884 serikali ya Ufaransa iliwaruhusu wafanyakazi kufanya vyama vyao. Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu aliandika barua kubwa juu ya haki ya wafanyakazi, na Padri Dehon alikuwa miongoni mwa walioieneza kwa nguvu. Mwaka 1894 alitoa kitabu juu ya mambo hayo, chenye mafundisho na mashauri ya kazi: namna ya kuanzisha vyama, hazina za akiba na mambo mengine ya msaada.

Hivyo Léon Dehon hakusimama mbele ya hakimu kama baba yake alivyotaka. Lakini aliwasemea watu wengi wasio na msemaji. Akiba haiozi, na elimu ni akiba.

8. Jaribu kubwa

Padri Dehon alitaka pia kuwakusanya wenzake waishi pamoja katika utii na ufukara, kwa ajili ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Tarehe 28 Juni 1878 aliweka nadhiri zake. Huo ndio mwanzo wa shirika lake.

Baada ya miaka michache taabu ilikuja. Mwaka 1881 shule yake ilishikwa na moto. Kisha watu wakaleta mashaka Roma juu ya mambo ya shirika, na mwezi wa Desemba 1883 wakubwa wa Kanisa wakaamuru shirika livunjwe. Kazi ya miaka mitano ikawa si kitu.

Mwanasheria hujua kubishana. Padri Dehon angeweza kubishana. Lakini alitii, kama alivyomtii baba yake alipokuwa kijana. Alieleza mambo yake kwa askofu, kisha akangoja. Mwezi wa Machi 1884 Roma iliruhusu shirika liendelee kwa jina jipya. Wakaitwa Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu.

9. Mapadri wafika Kongo

Mwaka 1888 Padri Dehon alituma mapadri Ekwado, katika Amerika ya Kusini. Mmoja wao alikuwa Gabriel Grison. Mwaka 1896 serikali ya huko iliwafukuza. Padri Grison alirudi Ulaya, na Padri Dehon akamtuma Kongo.

Katika mwezi wa Julai 1897 Padri Grison aliondoka bandari ya Antwerpen, Ubelgiji, pamoja na Padri Gabriel Lux. Reli ya kutoka Matadi ilikuwa bado haijamalizwa. Ilikamilika mwaka 1898. Ilipokoma reli, wasafiri walikwenda kwa miguu pamoja na wapagazi. Kisha walipanda meli ya moshi, wakaupanda mto mkubwa kati ya misitu. Walifika penye maporomoko katika mwezi wa Septemba.

Mji huo, ambao baadaye uliitwa Stanleyville, na tangu mwaka 1966 huitwa Kisangani, ulikuwa umeona mambo mengi. Miaka kumi tu kabla yake Tippu Tip, mfanya biashara mkubwa kutoka Unguja, alikuwa liwali wa nchi hiyo. Misafara ya biashara ya pembe na ya watumwa ilikuwa imepita huko, na kwa njia ya watu wa misafara lugha ya Kiswahili ilienea mpaka ukingo wa mto Kongo. Baada ya vita vya mwaka 1892 hadi 1894 nguvu za wafanya biashara hao zilikwisha. Lakini taabu ya watu haikwisha. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitawala Kongo kana kwamba ni mali yake mwenyewe. Watu walilazimishwa kwenda msituni kutafuta mpira na pembe, na wengi waliteswa na kufa. Utawala wake ulikoma mwaka 1908.

Katika nchi yenye majonzi kama hayo mapadri wawili walianza misheni yao. Siku waliyoianzisha ilikuwa siku ya Noeli ya mwaka 1897, miaka 41 baada ya ile Noeli ya Hazebrouck. Waliiita misheni ya Mtakatifu Gabrieli. Walijenga nyumba, wakafungua shule, wakajifunza lugha. Wengi wa mapadri wa kwanza walikufa vijana kwa homa, na wengine wakaja kushika mahali pao. Mwaka 1908 Padri Grison akawa askofu wa kwanza wa nchi ya maporomoko.

Padri Dehon aliwaandikia wamisionari wake barua nyingi. Mwaka 1910 alianza safari ya kuizunguka dunia, akapita Amerika na Asia, lakini Kongo hakuiona. Aliijua kwa barua tu.

10. Mwisho wa maisha yake

Miaka ya mwisho haikuwa miepesi. Mwanzo wa karne ya ishirini sheria za Ufaransa zilifunga nyumba nyingi za watawa, na Padri Dehon alihamia Brussels, Ubelgiji. Wakati wa vita kuu iliyoanza mwaka 1914 alifungiwa katika mji wa Saint-Quentin uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70, na mji ulikuwa ukipigwa mizinga. Mwaka 1917 watu wote walihamishwa, naye pamoja nao.

Alikufa Brussels tarehe 12 Agosti 1925, mwenye umri wa miaka 82. Alizikwa Saint-Quentin, katika mji ule wa wafanyakazi aliokuwa ameingia akiwa msaidizi wa saba.

Padri Dehon alikuwa mtu, na mtu hakosi kosa. Alipoandika juu ya fedha na biashara aliandika pia maneno mabaya juu ya Wayahudi, kama walivyofanya watu wengi wa Ulaya ya siku zake. Maneno hayo hayakuwa ya haki. Mwezi wa Aprili 2005 ilikuwa imetayarishwa sherehe ya kumtangaza kuwa mwenye heri. Kwa ajili ya maandiko hayo ikasimamishwa. Hata mtu aliyewatetea wanyonge wengi anaweza kukosa kumwona mnyonge mwingine. Ni vema watoto walijue jambo hilo, ili wawapo wakubwa wayapime maneno yao.

Kazi aliyoianzisha haikufa pamoja naye. Katika vita vya mwaka 1964 zaidi ya mapadri na mabruda 20 wa shirika lake waliuawa katika nchi ya Kisangani, Wamba na mahali pengine pa karibu, na pamoja nao Askofu Joseph Wittebols wa Wamba. Hata baada ya damu hiyo, mapadri wa shirika hilo walirudi, na vijana wa Kikongo waliingia shirikani na kushika kazi.

Léon Dehon alijua wito wake akiwa na miaka 13, lakini aliingia seminari akiwa na miaka 22. Katika miaka ile ya kungoja hakukaa bure, wala hakumchukia baba yake, wala hakuifanya vibaya kazi asiyoitaka. Kwa hiyo siku yake ilipofika alikuwa na mengi ya kutoa. Mwanafunzi akaaye leo darasani, akisoma somo ambalo haoni faida yake, hajui bado ni mlango gani somo hilo litamfungulia.

Maswali

1. Kwa nini baba yake Léon hakutaka mwanawe awe padri?
2. Kazi ya wakili ni nini?
3. Léon alijuaje ya kuwa kazi ya sheria siyo yake, ingawa aliifanya vizuri?
4. Elimu ya sheria ilimsaidia namna gani katika mji wa Saint-Quentin?
5. Nani walianzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli, na katika mwaka gani?
6. Taja kazi unayoipenda. Eleza ni watu gani watakaopata faida ukiifanya.